Jiwe la Juu

TORLEIF: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Ngoja, ngoja nivue glavu. Haya. Nani?

INGVILL: Mjomba Torleif? Ni mimi, Ingvill. Shikamoo. Uko wapi?

TORLEIF: Marahaba, mwanangu. Yaani umenivizia. Dakika haijapita tangu niiwashe hii simu. Mlimani huwa naizima, si unajua, baridi inakunywa chaji kama —

INGVILL: Mjomba, uko wapi?

TORLEIF: Fløyen. Huku juu, kituoni, nangoja treni ya kuteremkia mjini. Foleni haina mwisho. Meli tatu za watalii zimetia nanga leo, wote wamepanda huku kupigana picha na bandari. Na hawa mbuzi wamenusa mkate wangu — toka, wewe, toka — haya, sema.

INGVILL: Uko Fløyen.

TORLEIF: Ndiyo.

INGVILL: Na baba?

TORLEIF: Baba yako?

INGVILL: Yuko hapo na wewe?

TORLEIF: Hapana, yeye… Kwani hajafika nyumbani?

INGVILL: Nimetoka nyumbani kwake. Mlango umefungwa. Viatu vyake vya mlimani havipo. Mjomba, niko chini ya mlima Ulriken, pale linapoanzia gari la waya. Niko na waokoaji. Wako mlimani tangu saa nane, wanatafuta watu wawili.

TORLEIF: Wawili gani?

INGVILL: Wewe na yeye.

TORLEIF: Lakini mimi sijapotea.

INGVILL: Sasa najua. Jana jioni aliniambia mnakwenda njia nzima, Ulriken mpaka Fløyen, kama Jumapili zote. Simu zenu zote mbili zimezimwa. Huku chini jua linawaka, lakini kule juu Vidden, uwandani kati ya milima hii miwili, wingu limekaa tangu saa sita, huoni mkono wako. Ulitaka nifikirie nini?

TORLEIF: Hapana, umefanya vizuri. Umefanya vizuri, mwanangu.

INGVILL: Mliachana wapi?

TORLEIF: Aligeuka.

INGVILL: Wapi?

TORLEIF: Tulikaa kunywa kahawa pale kwenye rundo kubwa la mawe, lenye kibao, baada ya ule mteremko wa kwanza. Saa tano hivi. Ukungu ulikuwa haujashuka. Akasema anageuka. Nikamwambia sawa.

INGVILL: Sawa tu?

TORLEIF: Mtu akisema anageuka mlimani, haulizwi, Ingvill. Hata wewe tumekulea hivyo. Kugeuka si aibu, na anayegeuka hasutwi wala hasindikizwi kama mtoto.

INGVILL: Ana miaka sabini na mitatu, mjomba.

TORLEIF: Mimi nina sabini na minne. Na ningegeuka mimi, angeniacha vivyo hivyo. Nilijua atarudi Ulriken, apande gari la waya, saa sita na nusu yuko kwenye kochi lake.

INGVILL: Mama wa tiketi hajamwona akishuka. Anawajua, anasema asubuhi mlipanda wote wawili, wewe una kofia yako nyekundu. Hakuna aliyeteremka. Subiri, Sindre ananiuliza kitu. Huyu Sindre ndiye mkubwa wa waokoaji. — Ndiyo. Ndiyo, ni mmoja. Mwingine yuko Fløyen, mzima. — Mjomba, anauliza alivaaje.

TORLEIF: Koti la kijani. Lile la zamani, lenye kiraka kiwikoni. Begi la turubai. Fimbo.

INGVILL: Fimbo? Baba hatembei na fimbo.

TORLEIF: Tangu majira ya kuchipua anatembea nayo.

INGVILL: Nyumbani sijawahi kuiona.

TORLEIF: Huiacha kwangu.

(Mlio wa mawimbi ya simu.)

INGVILL: Haloo?

TORLEIF: Nipo.

INGVILL: Anauliza kama ana ugonjwa.

TORLEIF: Goti tu.

INGVILL: Goti lipi?

TORLEIF: La… la kulia. Lipo linalomsumbua.

INGVILL: Mjomba, mimi ndiye ninayempeleka kwa daktari. Magoti ya baba ni mazima kuliko yangu.

TORLEIF: — Hapana, bibie, samahani, nina simu. Mwombe yule kijana akupige picha. — Ingvill, ngoja nitoke kwenye hii foleni. Nakwenda pale ukutani, huku siwezi kusikia vizuri.

INGVILL: Utapoteza nafasi yako.

TORLEIF: Iende.

(Vishindo. Upepo.)

TORLEIF: Haya, nimetoka. Na nikwambie mapema, chaji yangu imebaki alama moja, inawaka nyekundu. Kwa hiyo tuseme ya maana.

INGVILL: Basi sema wewe la maana. Mligombana?

TORLEIF: Hatukugombana.

INGVILL: Baba hajawahi kugeuka. Mwaka ule alipovunjika kidole cha mguu alimaliza njia nzima. Leo kulikuwa na jua, ana rafiki yake, ana kahawa yake, halafu anageuka? Mlisema nini hapo kwenye kahawa?

TORLEIF: Tulizungumza mambo ya mawe.

INGVILL: Mawe.

TORLEIF: Marundo. Kazi yetu. Si unajua kila mwaka mimi na yeye tunatengeneza marundo ya chama cha wapanda milima, yanayoonyesha njia, na tunabomoa yale ya watalii. Mtalii akifika juu anapanga vijiwe vitatu, anapiga picha, anaondoka. Mwingine anakuja kwenye ukungu anavifuata, vinampeleka kwenye genge, anaporomoka. Basi nilikuwa namsimulia nilivyobomoa. Alhamisi nilipanda peke yangu nikabomoa virundo thelathini na kimoja.

INGVILL: Yeye akasemaje?

TORLEIF: Akauliza wapi.

INGVILL: Wapi?

TORLEIF: Upande wa Kiziwa Cheusi, lile ziwa dogo. Kule kunakoteremkia kwenye bwawa, nyuma ya nyumba yake. Hakuna njia rasmi pale, ndiyo maana nilishangaa kukuta safu nzima ya virundo. Vifupi, vya kufika gotini.

INGVILL: Halafu?

TORLEIF: Halafu akamwaga kahawa yake chini. Kikombe kilikuwa kimejaa. Akasimama, akasema, "Mimi nageuka."

INGVILL: Na hukumuuliza.

TORLEIF: Nimeshakwambia hatuulizani.

INGVILL: Mjomba, nina jambo la kukwambia na sijui kama lina maana. Saa saba kasoro dakika ishirini alinipigia. Akasema, "Ingvill, usi —" ikakatika. Mtandao ulikuwa mbovu, maneno yanakwenda yanarudi. Baada ya hapo nilisikia upepo. Halafu kitu kama mlio. Tok-tok. Kimya. Tok. Nikadhani ni simu yenyewe inaharibika.

TORLEIF: Rudia.

INGVILL: Tok-tok. Halafu —

TORLEIF: Halafu moja. Baada ya kitambo.

INGVILL: Ndiyo. Mara tatu hivi. Halafu ikafa.

TORLEIF: Hiyo si simu.

INGVILL: Ni nini?

TORLEIF: Ni mawe. Tukiwa kazini, ukungu ukitukuta, hatupigi kelele. Sauti ya mtu kwenye ukungu inapotea, huijui inatoka upande gani. Tunagonga jiwe kwa jiwe. Mbili, halafu moja. Maana yake: nipo hapa, nimekaa, njoo wewe.

INGVILL: Kwa hiyo alikuwa anakuita wewe.

TORLEIF: Saa saba kasoro nilikuwa nusu ya njia kuja Fløyen. Nisingeweza kusikia.

INGVILL: Lakini alidhani —

TORLEIF: Sijui alidhani nini.

INGVILL: Mjomba, kwa nini hakuandika ujumbe? Ukimpigia simu ikakatika si unaandika ujumbe? Alinipigia kwa sababu nilimwekea namba moja, anaibonyeza kwa muda mrefu tu, inaita kwangu. Aliniomba nimwekee hivyo. Alisema herufi za simu hizi wanaziandika kwa ajili ya sisimizi.

TORLEIF: Anapenda mzaha.

INGVILL: Na gazeti amelikata. Miaka arobaini analisoma mezani, mwezi wa tano akalikata. Alisema hakuna habari zenye thamani ya wino. Nikacheka. Na wiki iliyopita alimimina maziwa pembeni ya kikombe, akafuta meza, hakusema kitu. Nami sikusema kitu.

TORLEIF: Hm.

INGVILL: Sasa wewe nipe lako.

TORLEIF: Langu lipi?

INGVILL: Mjomba.

(Sauti za watalii wakicheka kwa mbali.)

TORLEIF: Hii kofia. Kofia nyekundu. Si yangu, alininunulia yeye, Pasaka. Akasema nivae tukienda mlimani ili apate kitu cha kucheka. Nikavaa. Na tangu hapo nikawa natangulia mimi. Zamani tulikuwa tukipokezana.

INGVILL: Endelea.

TORLEIF: Nikipita jiwe linaloteleza nalitaja kwa sauti. "Hili linateleza." "Hapa ruka." Hakuniomba. Nilianza tu, naye hakunikataza.

INGVILL: Tangu lini?

TORLEIF: Mwezi wa sita.

INGVILL: Haoni.

TORLEIF: Sikujua, Ingvill.

INGVILL: Hujui, na unamtajia mawe?

TORLEIF: Sikutaka kujua. Si kitu kimoja.

INGVILL: Subiri. — Sindre, baba haoni vizuri. Sijui kiasi gani. Hapana, hata mimi nimejua sasa hivi. — Anasema walikuwa wanawasha taa za kumulika, wanazizungusha, ili azione azifuate.

TORLEIF: Atazionaje.

INGVILL: Ndivyo alivyosema na yeye. Mjomba, sasa nifikirie pamoja na wewe, maana mimi sikai na mawe. Ile safu ya virundo kule kwenye kiziwa. Vya gotini. Vilikuwa na umbali gani?

TORLEIF: Karibu karibu. Hatua nne, tano. Mtalii hapangi hivyo, mtalii anapanga kimoja mahali penye mandhari.

INGVILL: Hatua nne. Unaweza kukifikia kwa fimbo ukiwa bado umesimama kwenye kile cha nyuma?

TORLEIF: Unaweza.

INGVILL: Mwezi wa nane alikuwa anakuja mezani kwangu na kucha nyeusi. Vidole vimechubuka. Nikamuuliza, akasema anatengeneza ukuta wa bustani. Nimepita bustanini leo. Hakuna ukuta.

(Kimya kirefu.)

INGVILL: Haloo? Mjomba, umekatika?

TORLEIF: Nipo.

INGVILL: Alijijengea njia. Ya kutoka mlimani mpaka nyumbani kwake, ya kupapasa. Nawe umeibomoa.

TORLEIF: Ndiyo.

INGVILL: Na leo, uliposema, akaenda kuitazama. Yaani kuishika.

TORLEIF: Hakwenda Ulriken. Alikuwa pamoja nami kilometa mbili za kwanza, pale kwenye kahawa ndipo safu yake inapoanza, nyuma ya rundo kubwa. Alishuka nayo. Mwambie huyo Sindre waache Ulriken kabisa. Wako wapi watu wake?

INGVILL: Wengi wako kwenye njia kuu, Ulriken. Kuna wawili wenye mbwa walipanda kutokea bwawani, kwa tahadhari tu. Amewaambia warudi, kule ukungu ni mzito na kuna genge.

TORLEIF: Wasirudi. Mwambie sasa hivi.

INGVILL: — Sindre, wale wa bwawani wasishuke. Wasishuke. Nitakueleza. — Amewasimamisha. Wako chini ya kiziwa, anasema, kwenye mawe yaliyoporomoka. Mjomba, wewe ulibomoa kuanzia wapi mpaka wapi? Nataka kujua ni wapi njia yake inakatika.

TORLEIF: Nilianza chini. Bwawani. Nikapanda nabomoa.

INGVILL: Mpaka?

TORLEIF: Mpaka kwenye Mwamba Uliopasuka. Hapo nikaacha. Mvua ilianza.

INGVILL: Kwa hiyo kutoka juu mpaka Mwamba Uliopasuka virundo vipo. Baada ya hapo hakuna.

TORLEIF: Hakuna.

INGVILL: Na baada ya hapo kuna nini?

TORLEIF: Njia inapinda kushoto kwa ghafla. Ukiwa na kirundo unajua kupinda. Bila kirundo unakwenda mbele.

INGVILL: Mbele kuna nini, mjomba?

TORLEIF: Genge.

(Upepo.)

INGVILL: Atasimama, si ndiyo? Akikosa kirundo kinachofuata atasimama. Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa na miaka sita. Ukipotea usitafute njia, kumbatia rundo la mwisho ukae.

TORLEIF: Atakaa. Kama kile cha mwisho kimemwambia kuwa ni cha mwisho.

INGVILL: Maana yake nini?

TORLEIF: Kama akinyoosha fimbo asikute kitu, anaweza kudhani amekosea tu upande. Anaweza kujaribu hatua moja. Halafu nyingine.

INGVILL: Usiniambie hivyo.

TORLEIF: Umeniuliza.

INGVILL: Alhamisi haikunyesha, mjomba.

TORLEIF: Nini?

INGVILL: Umesema uliacha kwa sababu ya mvua. Alhamisi nilianika shuka. Ndiyo siku pekee wiki hii. Kwa nini uliacha pale?

TORLEIF: Ingvill, chaji inaisha —

INGVILL: Basi ndio uharakishe. Kwa nini uliacha?

TORLEIF: Vile vya chini vilikuwa vimepangwa ovyo. Alikuwa hajazoea, nadhani, kujenga bila kuona. Sikutambua mkono. Lakini kile cha kwenye mwamba kilikuwa kizuri. Nikaondoa jiwe la juu, nikaona lililo chini yake limelazwa kwa urefu, kichwa ndani. Katikati ya ufa kuna kijiwe cheupe kimekabwa kama kabari. Watu wote hulaza jiwe refu kwa nje, lionekane. Katika mji huu ninayemjua analaza ndani ni mmoja.

INGVILL: Ulijua ni baba.

TORLEIF: Nilisimama hapo kitambo. Nikalirudisha lile la juu. Nikaenda nyumbani.

INGVILL: Hukumpigia.

TORLEIF: Nilisema atanieleza mwenyewe akitaka. Ijumaa hakusema. Jumamosi hakusema. Leo nikaona nimtegee, nimsimulie kama najisifu, thelathini na kimoja, ili aseme, "Mjinga wewe, vile ni vyangu." Ningemwambia najua. Tungecheka, ingekwisha.

INGVILL: Akamwaga kahawa.

TORLEIF: Akamwaga kahawa. Nami nikatazama anavyoondoka. Nilimwona anapapasa na fimbo, Ingvill. Nikageuza uso, ili nisimwone.

INGVILL: Sina la kukwambia sasa. Nitakuwa nalo baadaye.

TORLEIF: Ni haki yako.

INGVILL: Wale wawili wanauliza Mwamba Uliopasuka uko upande gani. Hawaoni kitu.

TORLEIF: Wamesimama kwenye mawe yaliyoporomoka, si ndiyo? Wasikie maji. Kuna kijito kinatoka kwenye kiziwa. Wakiweke mkono wa kulia, wapande nacho, pole pole. Kijito kikinyamaza, maji yameingia chini ya mawe, hapo wasimame. Mwamba uko juu yao, mita hamsini hivi.

INGVILL: — Kijito mkono wa kulia. Kikinyamaza wasimame. — Wanapanda.

TORLEIF: Mbwa wamfunge.

INGVILL: Mbwa ndiye anayetafuta.

TORLEIF: Genge liko hapo hapo. Na mtu asiyeona akirukiwa na kitu kwenye ukungu anarudi nyuma. Wamfunge.

INGVILL: — Wamfunge mbwa. Ndiyo, anapajua. Anapajua kama nyumbani. — Na wakifika nini? Waite jina?

TORLEIF: Wasiite. Sauti itamfanya asimame aifuate. Wazime taa, wachukue mawe mawili, wagonge. Mbili, halafu moja. Halafu wanyamaze kabisa.

INGVILL: Na yeye atajibu vipi?

TORLEIF: Kinyume. Moja, halafu mbili.

INGVILL: — Sindre, waambie hivi.

(Mlio wa redio ya upepo kwa mbali. Maneno hayasikiki.)

TORLEIF: Ingvill.

INGVILL: Ndiyo.

TORLEIF: Saa ngapi sasa? Sitaki kuitoa simu sikioni.

INGVILL: Kumi na robo. Imebaki saa moja na nusu ya mwanga, labda.

TORLEIF: Ana sweta mbili. Mkewe marehemu alimfuma moja, ile ya kijivu, haivui mpaka Mei. Na machungwa mawili, sikuyaona akiyala.

INGVILL: Unanipoza.

TORLEIF: Najipoza mimi.

INGVILL: Kijito kimenyamaza, wanasema. Wamesimama.

TORLEIF: Wagonge sasa.

INGVILL: Sindre ameweka redio juu ya boneti. Naisogezea simu, usikie.

(Mkwaruzo wa mawimbi. Tok-tok. Tok.)

(Kimya.)

INGVILL: Hakuna.

TORLEIF: Wasubiri. Wahesabu mpaka ishirini. Vidole vimemganda, hawezi kuokota jiwe haraka.

(Kimya kirefu.)

INGVILL: Hakuna, mjomba.

TORLEIF: Wagonge jiwe kubwa zaidi. Wanatumia changarawe hao, nimesikia, mlio mwembamba. Wachukue la kujaza mkono.

INGVILL: — Jiwe kubwa zaidi. La kujaza mkono. —

(Tok-tok. Tok. Upepo kwenye simu zote mbili.)

TORLEIF: Watalii hawa hawanyamazi. — Samahani, jamani. Naomba kimya kidogo. Tafadhali. Kimya. —

(Redioni, kwa mbali: tok.)

INGVILL: Mjomba.

TORLEIF: Nimesikia.

INGVILL: Ilikuwa moja?

TORLEIF: Ngoja.

(Tok. Kitambo. Tok-tok.)

INGVILL: Ni yeye?

TORLEIF: Ni yeye. Wafuate hiyo, wasikimbie. Wagonge kila hatua kumi, yeye atawajibu. Waje kwa upande wa juu, wasije kwa genge. Ingvill? Wamesikia? Upande wa juu.

INGVILL: Wamesikia. Wanakwenda. Mungu wangu. Wanakwenda.

TORLEIF: Kaa chini, mwanangu. Kaa hapo penye gari.

INGVILL: Nimekaa. Wewe je?

TORLEIF: Nimeegemea ukuta. Mbuzi amekula mkate wangu wote na jibini yake.

INGVILL: (Anacheka kidogo.) Wanazungumza. Ngoja. — Sema tena? — Wamemshika. Wamemshika, mjomba. Amekaa ameegemea kirundo, amekikumbatia. Kifundo cha mguu kimevimba, hawezi kupanda tena. Ana baridi. Mdomo unafanya kazi.

TORLEIF: Huo hauna wasiwasi.

INGVILL: Anamuuliza yule dada wa mbwa nani kamfundisha kugonga.

TORLEIF: Asimwambie.

INGVILL: Keshajua. Anajua zamani.

TORLEIF: Anajua nini? Sema upesi, simu inalia, inazimika.

INGVILL: Subiri, Sindre anarudia maneno yake. Anasema… mjomba, sijui maana yake. Anasema nikuambie jiwe la juu umelirudisha kinyume. Umenisikia? Anasema alilishika akakuta ubavu laini uko juu, yeye huuweka chini. Anasema ndipo akajua kuwa mtu amefika hapo akaacha, na mbele hakuna kitu. Ndipo akakaa.

TORLEIF: Mwambie ni kweli. Nililirudisha kinyume. Mwambie kesho nitapanda kutokea bwawani, nivijenge upya vyote thelathini na kimoja, na wewe uje unishikie —

INGVILL: Mjomba?

INGVILL: Mjomba Torleif, umekatika. Haya. Nitamwambia.